Bei ya Huko, Fedha ya Hapa: Kulinganisha Gharama za Maisha Kabla ya Kuhama

Mwanafunzi wa Kasongo, Kabambare au Nyangwe anayefikiria kwenda kusoma Kigoma, Dar es Salaam, Bujumbura au Kampala huanza na swali moja: maisha ya huko ni bei gani? Jibu huja kwa simu, kutoka kwa binamu au jirani aliyetangulia. Chumba ni kiasi fulani kwa mwezi, sahani ya wali na maharage kiasi fulani, nauli ya mjini kiasi fulani. Mwanafunzi hutafuta kiwango cha kubadilishia fedha, hugeuza shilingi kuwa dola na dola kuwa faranga, kisha hulinganisha na bei anazozijua. Jumla ikionekana kubebeka, mjomba anauza mbuzi wake na safari inapangwa.

Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha wala kugawanya. Hata hivyo mtu huweza kukwama mwezi wa pili au wa tatu akiwa na karatasi iliyomwambia kwamba fedha zinatosha. Makala haya yanaeleza karatasi hiyo inapungukiwa wapi. Naanza na Nyangwe ya karne ya 19, kwa sababu wageni waliofika hapo waliandika kwa kirefu walichokula, walicholipia na walichokataliwa, na matatizo yao ya hesabu yanafanana na yetu kuliko mtu anavyotarajia.

Nyangwe iko ukingo wa kulia wa mto Lualaba. David Livingstone alifika hapo mwishoni mwa Machi 1871 akavutiwa sana na soko lake. Lilifanyika siku moja, kisha kwa siku tatu zamu ikaenda sehemu nyingine, na watu waliokusanyika, wengi wao wanawake, aliwakadiria kuwa kama 3,000. Palikuwa na muhogo, ndizi, samaki wabichi na wakavu, mafuta ya mawese, chumvi, vyungu, kuku na mbuzi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga hapo kwa ajili ya pembe za ndovu na watumwa, pamoja na waungwana wao, ambao lugha yao ndiyo mzazi wa Kiswahili tunachokisema Maniema leo. Chakula kilikuwa tele. Shida ilikuwa kukinunua kwa kitu gani.

Tazama alivyojiandaa Henry Morton Stanley, aliyefika Unguja Januari 1871. Hakujua bei za bara, basi akawauliza wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kwenda. Hawakumjibu kwa reale. Walimwambia kwamba watu 100 hula doti 10 za nguo kwa siku. Kwa jibu hilo akapanga mahitaji ya mwaka mmoja: doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi. Ukijumlisha unapata doti 3,650, yaani doti 10 kwa kila siku ya mwaka. Kwa kuwa doti moja ni mikono 8, posho ya mtu mmoja ilikuwa chini kidogo ya mkono mmoja wa nguo kwa siku.

Jibu la wafanyabiashara wale ni bora kuliko mengi tunayopewa kwa simu. Hawakutaja bei ya kuku wala ya mtama. Walitaja siku ya mtu mmoja, na ndani ya siku hiyo mmeingia kila kitu: anachokula, anachokikosa na kukibadilisha kwa kingine, na hata kinachopotea katika kupatana bei. Anayekuambia kwamba kilo ya mchele ni shilingi kadhaa amekupa namba. Anayekuambia kwamba yeye, mwanafunzi anayepika mwenyewe na kwenda kwa miguu, humaliza kiasi fulani kwa wiki, amekupa kipimo.

Nguo peke yake, lakini, haikutosha, kwa maana manunuzi madogo yalihitaji shanga, na shanga zilikuwa na miji yake. Stanley anaeleza kwamba nyeusi zilipokewa Ugogo na kukataliwa kwingineko. Sungomaji zilikuwa na thamani Ujiji na Uguha, si penginepo. Nyeupe zilifaa Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini zilidharauliwa Uzigua na Ukonongo. Mtu angeweza kuwa na mzigo mzima wa shanga begani na bado akalala njaa, si kwa sababu ni maskini, bali kwa sababu utajiri wake ulikuwa wa rangi isiyotakiwa pale alipo.

Verney Lovett Cameron alikuta Ujiji mwaka 1874 hali nyingine ya kuvutia. Kila kitu sokoni kilipangiwa bei kwa shanga zilizoitwa sofi. Soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi waliwauzia wanunuzi kwa kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, walizinunua tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida asubuhi na faida jioni. Alipotaka kukodi mashua, wakala wa mwenye mashua alitaka kulipwa pembe, na Cameron hakuwa nayo. Mwenye pembe alitaka nguo. Mwenye nguo alitaka waya. Waya Cameron alikuwa nayo, ikapita kwa mmoja hadi mwingine, ndipo akapewa mashua.

Alipofika Nyangwe mwezi Agosti mwaka huo, mnyororo wa namna hiyo haukupatikana. Alihitaji mitumbwi ya kushuka mto, na wenye mitumbwi walitaka watumwa. Hicho hakuwa tayari kukitoa, akageuka na kufuata njia nyingine upande wa kusini-magharibi. Hapa habari ya bei inakuwa nzito: katika mji huo binadamu alikuwa sehemu ya fedha, na mgeni aliyetaka kulinganisha gharama alipaswa kwanza kujiuliza ni malipo gani hatayatoa kamwe. Mwaka 1871, tarehe 15 Julai, Livingstone alikuwa sokoni hapo akamwona mtu wa wafanyabiashara akivutana na muuzaji kuhusu kuku na kumkamata kuku huyo. Muda mfupi baadaye bunduki zililia katikati ya umati. Mamia waliuawa au kuzama mtoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Livingstone aliondoka Nyangwe siku chache baadaye. Usalama wa soko hauandikwi katika orodha ya bei, ila ukikosekana orodha yote haina kazi.

Turudi kwa mwanafunzi wa leo na dola zake. Anayeishi Kongo anajua kwamba dola si dola tu. Noti iliyochanika pembeni kidogo hukataliwa, na noti ya dola moja mara nyingi hutazamwa kama haipo. Wenye umri wa wazazi wetu wanakumbuka zaidi. Januari 1993 noti ya zaire milioni tano ilikataliwa na wafanyabiashara, na askari waliolipwa kwa noti hizo wakafanya ghasia Kinshasa. Mwishoni mwa mwaka huohuo zaire mpya ilipotolewa, Kasai iliikataa ikaendelea kutumia zaire ya zamani. Nchi ilikuwa moja, fedha zikawa mbili. Ukivuka ziwa Tanganyika unakuta hali iliyo kinyume cha kwetu: Kongo chumba na karo hutajwa kwa dola, lakini Tanzania, tangu Machi 2025, kanuni zinakataza kutaja au kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Dola zako lazima ziwe shilingi kwanza. Kumbuka watu wa sofi. Anayetuma fedha kwa simu kutoka Kasongo analipa ada, anayebadilisha anakata chake, anayetoa kwa wakala upande wa pili analipa tena. Kiwango unachokisoma kwenye intaneti si kile utakachopewa dirishani. Hesabu ianze na kiasi kinachofika mkononi, si kile kilichotoka nyumbani.

Kodi ya chumba ndipo wengi hukwama. Tuchukue namba za kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Familia inaweza kutuma dola 100 kwa mwezi. Dola moja ni shilingi 2,500. Chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Chumba hicho ni dola 24, chini ya robo ya fedha za mwezi, na karatasi inasema mambo ni mazuri. Lakini Dar es Salaam mwenye nyumba mara nyingi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni shilingi 360,000, sawa na dola 144, zinazotakiwa kabla ya kununua godoro, sufuria au ndoo. Mwanafunzi mwenye dola 100 hana pa kulala, ingawa kwa wastani wa mwezi anaweza kabisa kulipia chumba. Kwetu tunalijua jambo hili kwa sura ya garanti, ile amana inayotolewa mwanzoni. Tofauti ni kwamba garanti, kwa kanuni, hurudishwa mtu anapohama. Kwa hiyo uliza mambo mawili mbalimbali: gharama ya kuingia na gharama ya kukaa. Usiyachanganye.

Upungufu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauko kwenye bei za ugenini. Uko kwenye bei za nyumbani. Tukiulizwa tunakula kwa kiasi gani, tunataja tulichonunua. Sombe iliyochumwa shambani hatuitaji. Mawese yaliyotoka kwa shangazi hatuyataji, wala kuni, wala maji, wala mchele ambao Kasongo unalimwa na watu tunaowajua kwa majina. Karatasi inaonyesha kwamba mtu anaishi kwa faranga chache sana, na papo hapo mji wa ugenini unaonekana ghali kupita kiasi, au, mbaya zaidi, mtu anapanga kuishi huko kwa faranga zilezile. Kabla ya kuuliza bei za Dar es Salaam, andika kwa wiki mbili kila kitu kinachoingia jikoni kwenu, hata kisicholipiwa. Kisha kipangie bei ya mji unaokwenda. Baadhi ya vitu vitashuka: sabuni, daftari na nguo, ambazo kwetu hufika baada ya safari ndefu ya lori na pikipiki, na ambazo bei yake hupanda barabara zinapoharibika kwa mvua. Vingine vitapanda, hasa vile ambavyo kwetu hutolewa bure na udongo.

Halafu kuna majina na vipimo, na hapa sisi wa kitivo cha lugha tuna kazi ya kufanya. Sombe huko inaitwa kisamvu. Bukari ni ugali. Anayetafuta makala ya kupikia Dar es Salaam atapelekwa kwenye magazeti, aombe mkaa. Gumu zaidi ni kitenzi chenyewe cha biashara. Katika Kiswahili cha sehemu nyingi za Kongo, kuuza ni kutoa fedha ukapata kitu, na anayetoa kitu anauzisha. Mtu wa kwetu akisimama sokoni Kigoma na kusema anataka kuuza mchele, mama mwenye genge atamtazama begani kuona gunia liko wapi. Ni jambo la kuchekesha siku ya kwanza. Siku ya pili ni ishara kwamba huyu ni mgeni, na bei ya mgeni inajulikana.

Vipimo navyo havilingani. Fungu ni fungu la nani? Kwetu muuzaji hupima kwa kopo la maziwa ya unga, Kenya kuna gorogoro ya kilo mbili, Tanzania kuna kisado na debe, na dukani ni kilo ya mzani. Bei za kopo na za kilo haziwezi kuwekwa mstari mmoja mpaka kopo lipimwe. Chukua kopo la sokoni kwenu, lijaze mchele kama muuzaji anavyolijaza, pamoja na ile nyongeza anayoirundika juu, upeleke kwenye mzani. Ni kazi ya dakika kumi, na bila hiyo jedwali lote linalofuata ni mapambo.

Karatasi za ukaazi zihesabiwe pia. Mwanafunzi wa kigeni Tanzania hukaa kwa kibali cha daraja C, na kibali kina ada, picha, nakala na siku za kwenda na kurudi ofisini. Ziweke kwenye gharama za kuingia, karibu na kodi ya miezi sita.

Inabaki gharama moja ambayo orodha nyingi huiacha, nayo ni ya kurudi. Cameron alitokea pwani ya Atlantiki, karibu na Benguela, Novemba 1875. Watu aliowaajiri upande wa mashariki walipaswa kurudishwa kwao, na ikambidi kununua jahazi Luanda kwa ajili hiyo tu. Kwa mwanafunzi wa Maniema ni tiketi ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, chombo cha kuvuka ziwa hadi Kalemie, na siku kadhaa za lori au pikipiki mpaka Kasongo. Iandike kwa bei ya msimu wa mvua, ambayo ndiyo ya juu, na fedha hizo zibaki nyumbani kwa mama au kwa mtu mwingine ambaye hutathubutu kumpigia simu umwombe akutumie kwa ajili ya godoro.