Hewa Kavu na Kubana kwa Njia za Pumzi

Katika Kiswahili hewa si pumzi. Hewa ndiyo imzungukayo kiumbe. Pumzi ni ile iliyokwisha kuingia mwilini au itokayo humo. Tofauti hii yaafikiana vema na elimu ya mwili, kwani hewa haifiki mapafuni kama ilivyokuwa nje. Pua, koo na mirija ya pumzi huitia joto na unyevu njiani, hata ifikapo ndani kabisa huwa na joto la mwili, na kila lita imebeba maji kiasi cha miligramu 44. Maji hayo hutoka katika utando mwembamba sana wa majimaji uliofunika kuta za njia hizo.

Mnyama apumuapo polepole, pua yatosha kuifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Apumuapo kwa nguvu na haraka, hewa hupita kabla ya kulowa, na mirija ya ndani hulazimika kutoa maji yake. Utando hupungua, chumvi iliyomo huzidi ukali, na wakati huohuo mvuke unaotoka huchukua joto na kuipoza mirija.

Matokeo yake yalichunguzwa katika simbilisi na watafiti wa Chicago, waliotoa taarifa zao mwaka 1989. Wanyama walilazwa kwa dawa, kisha mashine ikawapumulisha hewa kavu kwa wingi. Kaboni dioksidi ilitiwa ndani yake ili kiasi chake katika damu kisishuke, isije ikadhaniwa kuwa upungufu huo ndio sababu. Mirija ilibana, na ilibana zaidi baada ya kupumua kwa nguvu kukoma, kama impatavyo mwenye pumu akiisha kukimbia. Hewa ilipotiwa joto na unyevu, kubana kulipungua mno. Kadhalika kulipungua kwa simbilisi waliotangulia kupewa kapsaisini, yaani kile kiipacho pilipili ukali wake, kwa kiasi cha kumaliza akiba ya kemikali katika neva fulani za njia za pumzi. Basi ikadhihirika kwamba neva hizo zina sehemu kubwa katika jambo hili.

Katika mbwa, watafiti wa Baltimore walipitisha mpira mwembamba hadi katika mirija midogo na kuvuvia hewa kavu katika sehemu moja tu ya pafu. Mirija ya hapo ilibana, seli za ngozi yake ya ndani zikabanduka, na katika maji ya kuoshea zikapatikana lukotrini, kemikali ambazo mwili wenyewe huzitoa nazo hubana mirija. Hivyo wanyama wawili hufikia kubana kwa njia zisizo sawa kabisa. Wala haifai kumpimia mwanadamu kwa mmoja wao pekee.

Hapa mfasiri hana budi kuwa mwangalifu. Msuli hubana, ukuta wa mrija huvimba, ute huziba. Mgonjwa husema kwa haki kwamba kifua kimembana, lakini mwandishi wa elimu akiyaita yote matatu kwa neno moja, msomaji hatajua dawa ipi inatibu lipi.

Zaidi ya hayo liko neno baridi. Mazoea ya usemi huilaumu baridi kwa kuamsha pumu, na hewa baridi kweli ina maji machache. Lakini imeonekana kwa watu wenye pumu kwamba hata hewa ya joto, ikiwa kavu, huweza kubana mirija yao wafanyapo mazoezi. Wataalamu wamebishana kama kosa kubwa ni kukauka au kupoa. Walakini anayetaja baridi peke yake huuficha ukavu. Ufiche huo una hasara: aogopaye baridi hufunika kifua, ilhali aujuaye ukavu hufunika pua na mdomo kwa kitambaa, ambacho huhifadhi unyevu wa pumzi itokayo na kuurudisha katika hewa iingiayo.