Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Maneno machache juu ya kusafiri na mkoba mmoja, kutoka Bawshar kwenda kwetu Unguja



Kila mwaka skuli zinapofungwa, na joto la Bawshar linapopanda hata mtu anaogopa kushika kitasa cha gari, nyumba zetu za Al-Khuwair, Ghubra na Azaiba huanza kunong'ona khabari za safari. Nani anakwenda Unguja mwaka huu? Khabari hiyo haifichiki. Kabla hata tiketi haijakatwa, simu huanza kulia: "Wifi, nasikia unakwenda nyumbani. Nina kifurushi changu kidogo tu, wala hakina uzito."

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayeutuma ni mwepesi kama sufi ya mto. Kwa anayeubeba ni kilo tatu. Na vifurushi kumi vya namna hiyo ni kilo thelathini.

Nimeombwa niandike juu ya kusafiri na mzigo mwepesi, yaani ule mkoba mmoja tu anaoingia nao mtu ndani ya ndege. Nimekubali, si kwa sababu mimi ni fundi wa kufunga mizigo, bali kwa sababu nilikuwa mjinga wake mkubwa, na ujinga huo ulinigharimu kitu ambacho hakirudi.

Safari ya mwaka 2011

Shangazi yangu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Mimi nilipokuja huku Oman, yeye alibaki Unguja. Mwaka 2011, alfajiri moja, ikaja simu: "Hali ya shangazi yako si nzuri. Ukiweza, njoo." Nikapata nafasi katika ndege ya usiku ule ule, ya kupitia mji mwingine na kubadilisha huko.

Khabari zikaenea. Kuanzia adhuhuri mlango wangu haukufungwa. Mmoja kaleta vyombo vya plastiki vya mwanawe anayeolewa, mwengine mablanketi mawili, mwengine pipa dogo la halua. Nilikuwa nalia, na huku napokea vifurushi. Kila aliyekuja nilimwambia "lete", maana kwetu sisi kumrudisha mtu na kifurushi chake ni kama kumrudisha yeye mwenyewe. Magharibi ilipoingia nilikuwa na masanduku manne, na ndani yake nguo zangu hazikujaza hata robo ya moja.

Pale tulipobadilisha ndege ilinibidi niyachukue masanduku na kuyapeleka upya kwenye ndege ndogo. Mawili yakatoka, mawili hayakuonekana. Kijana mmoja niliyekaa naye safu moja alikuwa na mkoba wake begani. Akaniaga, akavuka upande wa pili, akaondoka na ndege ya asubuhi. Mimi nikabaki kuyangojea mablanketi ya watu. Yalipopatikana, ndege ile ilikuwa imekwishapaa, na ya pili ilikuwa ya jioni.

Shangazi alifariki asubuhi ile. Maziko yalikuwa yawe adhuhuri. Kwa ajili yangu wakayasogeza hata baada ya alasiri. Zaidi ya hapo hawakuweza kungoja, na wala haikufaa wangoje. Sisi wanawake, kama mjuavyo, hatuendi makaburini. Kuaga kwetu ni pale nyumbani, kabla jeneza halijatoka. Nilipofika, uwanja wa nyumba umefagiliwa na mikeka imekwishatandikwa kwa ajili ya khitima. Binamu yangu akanipokea akaniambia, "Tumekungoja, dada. Tumekungoja sana."

Siku ya tatu nilikwenda Darajani kununua sukari. Vyombo vile vya plastiki nilivyovibeba nikavikuta vinauzwa pale pale, vya rangi zote.

Sikumlaumu aliyenituma, wala simlaumu leo. Hakuna aliyenishika mkono. Mimi ndiye niliyesema "lete".

Furushi la bibi

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria bibi yangu. Yeye aliondoka Unguja mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi ya Januari. Waliambiwa kila mtu furushi moja. Hakuchagua kusafiri mwepesi, alilazimishwa. Alifunga khanga zake, msahafu, na katikati ya furushi akatia mbuzi ya kukunia nazi. Wenzake wakamcheka: huko Uarabuni kuna minazi gani? Wakafikia Dubai kwanza. Baadaye, Sultan Qaboos aliposhika nchi mwezi wa Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, familia ikahamia Maskati, na mwishowe tukajenga hapa Bawshar. Nazi zikapatikana, za Salala na za Bara Hindi, na mbuzi ile ikakuna tui la kila Ramadhani mpaka bibi alipofariki. Ipo hata leo.

Bibi alijua jambo ambalo mimi na masanduku yangu manne sikulijua: usibebe kile unachoweza kukipata uendako. Beba kile ambacho hutakipata.

Na mabaharia wetu wa zamani walikuwa na sheria iyo hiyo. Waliteremka na upepo wa kaskazi, wakarudi na kusi, na safari moja ilikuwa ni miezi. Bwana mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait hata Unguja katika msimu wa 1938 na 1939, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Ameeleza jinsi kila baharia alivyokuwa na kasha lake, na ndani yake nguo zake pamoja na bidhaa ndogo za kuuza bandarini. Maisha yote ya mtu yalienea kashani. Sisi safari yetu kutoka Maskati ni kiasi cha kilomita 3,900, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa tano na ushei, lakini tunafunga kama tunaohama.

Kilo saba

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mashirika mengi ya ndege yanamruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia na mkoba mmoja wa kilo 7. Mengine yana masharti yao, basi soma tiketi yako kabla hujafunga. Kilo 7 zaonekana chache, lakini zinatosha siku kumi, hata wiki mbili, kwa masharti haya.

Kwanza, pima mkoba mtupu. Yale masanduku madogo ya magurudumu tunayoyapenda huchukua kilo mbili na nusu, pengine tatu, kabla hujatia hata leso. Mimi natumia mkoba wa kitambaa wenye kilo moja.

Pili, nguo. Mimi hubeba madera matatu, doti mbili za khanga, baibui moja mkobani na jengine mwilini, na nguo za ndani. Khanga ndiyo rafiki wa msafiri: ni shuka, ni taulo, ni ya kusalia, na ukifika nyumbani mwa watu hujitanda ukaonekana mwenyeji. Wanaume yawatosha kanzu mbili za tetroni, kikoi, fulana tatu na kofia. Zikunje kwa kuzizungusha kama mkeka, hazitapata mikunjo mingi. Nguo nzito na viatu vizito vivae mwilini. Na sweta moja lisikosekane, kwa baridi ya ndani ya ndege na kwa kipupwe cha Julai. Nguo fua usiku, asubuhi imekauka. Lakini ukisafiri wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, chagua vitambaa vyepesi kabisa, maana kule unyevu haukaushi kitu.

Tatu, vitu vya majimaji. Mwaka 2006 iligunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji, na tangu hapo viwanja vingi haviruhusu chupa inayozidi mililita 100 kuingia ndani ya ndege, na chupa zote zienee katika mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani. Viwanja vichache vyenye mashine mpya vimelegeza, lakini usitegemee hayo. Na jueni kwamba si maji tu. Samli, asali, achari, mafuta ya nywele, vyote ni maji kwao. Hata halua yetu, ijapokuwa twaila kwa vidole, nayo imo. Nimemwona mzee wa heshima zake amesimama mbele ya mashine, halua yake inatiwa pipani, na yeye hana la kusema.

Nne, dawa zako, miwani, pasi na simu visikae mbali na mkono wako. Betri za akiba za kuchajia simu ni lazima ziwe nawe mkobani; haziruhusiwi katika mizigo ya chini, kwa kuhofia moto. Na visu na vyuma vyenye makali usivitie mkobani. Mbuzi ya bibi leo isingepita, kwa ule ulimi wake.

Hesabu yangu basi ni hii: mkoba kilo 1, nguo kilo 3, dawa na vikorokoro kilo 1, na zawadi kilo moja na nusu. Jumla kilo sita na nusu. Mzani wa jikoni unatosha kupimia kimoja kimoja.

Zawadi na vifurushi

Najua mtakaloniuliza. Utakwendaje kwenu mikono mitupu? Wazee wanasema msafiri maskini ajapokuwa sultani, na kweli hakuna anayemtaraji msafiri alete duka. Lakini mikono mitupu si lazima. Kofia moja ya kushona kwa mkono haina uzito wowote, na anayeivaa Ijumaa atakukumbuka kila Ijumaa. Ubani wa Dhofar ni mkavu, na robo kilo yagawika nyumba tano. Tola moja ya udi yaenea kiganjani. Tende nusu kilo, khalas au fardh, kwa ajili ya wazee. Hivyo ndivyo vitu vya kwetu huku ambavyo Darajani hutavipata vilivyo sawa na hivi. Kilichobaki, peleka fedha. Fedha hazipimwi kwenye mzani.

Kwa vifurushi vya watu, nimejiwekea sheria na kila mtu anaijua. Napokea dawa, miwani na barua, na kila kitu nakiona kwa macho yangu na kukifunga kwa mkono wangu. Hili si jambo la ubahili. Uwanjani unaulizwa kama umeufunga mzigo mwenyewe, na jawabu ni lako wewe, si la aliyekutuma. Kifurushi kilichoshonwa usichokijua ndani yake chaweza kukufunga, na hakuna atakayekuja kukaa jela badala yako.

Vitu vizito vina njia yake. Yafaa familia tano au sita zichange, zipakie shehena moja ya meli kwa wakala, wiki nyingi kabla ya safari. Blanketi halina haraka. Maiti ndiye hangoji.

Na kumkatalia mtu kuna adabu yake. Usiseme "sitaki". Sema, "Dada yangu, nina kilo saba tu, na hizi hapa zimejaa, njoo uzione." Mara ya kwanza watanuna. Wifi yangu alininunia mwezi mzima. Mwaka uliofuata alisafiri yeye, akanipigia simu kuniuliza mkoba wangu nimeununua wapi.

Wakati wa kurudi ni hivyo hivyo. Mchele wa viungo, ubuyu, kashata, doti ya khanga, hivyo vyaingia. Karafuu kwa wingi usijaribu, maana biashara yake imo mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kuzitorosha ni kosa kubwa. Kitu kidogo chatosha. Inasimuliwa kwamba Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, alipofariki Ujerumani mwaka 1924 alikutwa na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao. Mfuko ule ulikaa naye mpaka mwisho wa umri wake, na sidhani kama uliwahi kumlemea.

Ndugu zangu, sote tuna mtu wetu upande wa pili wa bahari, na simu ya alfajiri haichagui nyumba. Wekeni mkoba mmoja tayari kabatini, pasi ikiwa hai, ili siku ya kuitwa muwe na kazi moja tu, nayo ni kufika.

Mimi mwezi wa Julai, inshallah, nakwenda kumzuru shangazi kaburini na kuwaona binamu zangu. Mkoba nimekwishaupima, kilo sita na nusu. Nusu kilo iliyobaki ni ya atakayetangulia kupiga simu, iwe dawa au miwani. Mablanketi, tafadhalini, yangoje meli.