Jalada la Mtoto ni Haki ya Kijana

Huko England na Wales, kijana aliyeondolewa kwa wazazi wake akiwa mdogo anaweza kutimiza miaka 18 bila kujua kwa nini. Sababu imeandikwa, tena kwa kirefu: katika taarifa ya afisa ustawi wa jamii, ripoti ya daktari, maelezo ya mama na uamuzi wa jaji. Watu wazima wengi wamezisoma karatasi hizo. Kijana mwenyewe mara nyingi hajaziona.

Kumbukumbu hizo ziko sehemu mbili. Jalada la matunzo liko kwa halmashauri iliyomlea, ambayo hutakiwa kulitunza kwa miaka 75 tangu azaliwe. Kijana huliomba kwa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Halmashauri ina mwezi mmoja wa kujibu, na inaweza kuongeza miwili ombi likiwa gumu. Jalada la kesi liko mahakamani, na huko zinatumika Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Familia za 2010. Mdaawa, yaani mmoja wa pande za kesi, anaweza kukagua nyaraka na kupata nakala, mahakama isipoelekeza vingine. Asiye mdaawa huomba kibali cha jaji.

Tofauti hiyo ni kubwa. Halmashauri inapoomba mtoto awekwe chini ya uangalizi wake, mtoto huwa mdaawa moja kwa moja. Wazazi waliotengana wanapogombea malezi, kwa kawaida mtoto si mdaawa, ingawa kesi nzima inamhusu yeye. Aliyeasiliwa ana njia yake: Sheria ya Uasili na Watoto ya 2002 inampa, akishatimiza miaka 18, haki ya kupata nakala za nyaraka zilizoainishwa na kanuni kutoka mahakama iliyotoa amri ya uasili.

Madai ya kijana kuona jalada lake yana historia. Graham Gaskin, aliyelelewa na halmashauri ya Liverpool tangu utotoni, aliomba jalada lake akapewa tu kurasa ambazo walioziandika waliridhia. Mwaka 1989 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki yake ya maisha binafsi ilivunjwa, kwa kuwa hapakuwa na chombo huru cha kuamua pale mwandishi anapokataa au asipojibu.

Hata hivyo, kupata karatasi si mwisho wa kazi. Kurasa huja na mistari iliyofutwa kwa wino mweusi kulinda watu wengine, na kijana anaweza kudhani anafichwa jambo. Anahitaji mtu wa kumweleza nini kimefutwa na kwa nini, wa kumshauri aanze na uamuzi kabla ya tuhuma, na wa kumtahadharisha kwamba kusambaza mitandaoni nyaraka za kesi iliyosikilizwa faraghani kunaweza kuwa kosa la kudharau mahakama.

Wanaoandika nao wana wajibu. Mwaka 2017 Jaji Peter Jackson alitoa uamuzi wake kama barua kwa kijana wa miaka 14 aliyeitwa Sam, jina la kumficha, akimweleza kwa lugha nyepesi kwa nini ombi lake lilikataliwa. Taarifa yoyote kuhusu mtoto inaweza kuandikwa kwa uwazi huo.

Kijana asiachwe abahatishe. Anapotoka kwenye matunzo aambiwe bila kuuliza: jalada lako liko hapa, linaombwa hivi, na huyu ndiye atakayelisoma pamoja nawe.