Muhogo, Batobato na Chuo Kikuu

Mtu akitaja Chuo Kikuu, sisi wanafunzi huwaza mara moja mawakili, madaktari na wahandisi. Ni wachache wawazao muhogo. Lakini katika nchi hii ya Uganda wako wasomi wenye shahada kubwa ambao kazi yao ya kila siku ni kuutazama muhogo, na nionavyo mimi kazi yao yatuhusu kuliko kazi za wengi wengine, kwa kuwa muhogo ukifa watu hulala njaa. Basi nitajaribu kueleza wafanyalo.

Kwanza tukumbuke kwamba muhogo haupandwi kwa mbegu. Mbegu hasa zipo, hutoka katika maua, lakini mkulima hana haja nazo. Yeye hukata shina, akafanya pingili za shubiri moja hivi, akazichomeka ardhini. Jambo hili ni rahisi, maana mtu hanunui kitu. Huomba pingili kwa jirani. Nalo ni la hatari pia, kwa sababu pingili ni kipande cha mti wenyewe, na kama mti ule una ugonjwa, pingili zake nazo huwa na ugonjwa uleule. Mtu ampaye shemeji yake mzigo wa pingili aweza kuwa anampelekea maradhi, wala hakukusudia.

Maradhi makubwa ni mawili. La kwanza ni batobato. Majani huwa na madoa ya manjano na kijani, hujikunja na kudumaa, na chini ya ardhi muhogo huwa mwembamba kama kidole. La pili ni michirizi ya kahawia, nalo ni la hila zaidi. Majani ya chini hugeuka manjano kidogo kando ya mishipa yake, mti husimama vizuri, na mwenye shamba hufurahi mpaka siku ya kuchimba. Akikata muhogo kwa kisu huona ndani umeoza, una kahawia kavu kama kizibo cha chupa. Nimemwona bibi yangu akimenya kikapu kizima akapata chakula cha sahani moja. Maradhi yote mawili huletwa na virusi, na mchukuzi wake ni nzi mweupe, mdudu mdogo akaaye chini ya majani. Dawa ya kuuponya mti uliokwisha kupatwa hakuna.

Batobato ilielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Huko huko, juu ya milima ya Usambara, kilikuwako kituo cha utafiti cha Amani. Katika miaka ya 1930 Bwana Storey na wenzake wa kituo hicho walianza kutafuta muhogo usiougua. Hawakuupata wa kutosha miongoni mwa mihogo, wakamwendea ndugu yake wa mbali, yaani mpira, mti ule ambao watu wa pwani hupika majani yake kama kisamvu. Mpira hauna muhogo wa kula, lakini una nguvu dhidi ya maradhi haya. Wakachukua chavua ya mmoja wakaitia katika ua la mwingine, wakapata chotara. Chotara yule alikuwa na afya ya mpira, na kwa bahati mbaya mizizi yake pia ilikuwa kama ya mpira. Basi wakamchanganya tena na muhogo, na watoto wake tena na muhogo, wakichagua kila mara walio wazima na wenye kuzaa, hata walipopata miti inayolika. Kila mchanganyo ulitaka kungoja maua, kungoja mbegu, kungoja mti ukue. Kazi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20, ikakoma mwaka 1957.

Lakini kabla ya kukoma, mbegu zilikuwa zimepelekwa Nigeria. Huko Ibadan, tangu mwaka 1971, wataalamu walizitumia ukoo wake kuzalisha mihogo mipya, na mmoja wao ulirudi Afrika ya Mashariki ukaitwa Nase 3, ambao wakulima wengi wanaujua kwa jina la Migyera.

Ulirudi wakati wa shida. Wanafunzi wa zamani wa shule hii wataikumbuka kuliko mimi ambaye sikuwa nimezaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka upande wa Luwero, ikaenda kusini mwaka hadi mwaka kama moto wa nyika, hata ikavuka mipaka kuingia Kenya na Tanzania. Mashamba ya Teso na ya kaskazini yaliharibika, na njaa ikaingia. Mwaka 1997 ilitangazwa sababu yake: virusi vya aina mbili vilikuwa vimekutana ndani ya mti mmoja na kubadilishana sehemu, vikazaa kirusi kipya kilicho kikali kuliko cha kwanza. Migyera na ndugu zake waliweza kustahimili, na mashamba yakapandwa upya.

Hapo mtu angesema vita vimekwisha. La. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilionekana katika wilaya ya Mukono, na mihogo ile ile iliyoishinda batobato ikaanguka mbele ya michirizi. Kwa hiyo kazi ya leo ni kupata mti wenye nguvu mbili, na tena kuwahi kuyatambua maradhi kabla pingili hazijagawanywa kijijini.

Katika hilo la kutambua ndipo Chuo Kikuu cha Makerere kimefanya jambo la ajabu. Wakulima walipiga picha za majani ya mihogo yao kwa simu. Wataalamu wa muhogo wa Namulonge, pamoja na watu wa kompyuta wa Makerere, wakazitaja moja moja: hii batobato, hii michirizi, hii imeliwa na utitiri, hii nzima. Picha 21,367 zilitolewa kwa ulimwengu katika shindano lililoanza Novemba 2020 hata Februari 2021, kusudi wajuzi wa nchi zote wajaribu kuifunza kompyuta. Kompyuta haifundishwi kwa kanuni. Huonyeshwa picha, ikakisia, ikasahihishwa, ikaonyeshwa nyingine, maelfu kwa maelfu, kama mtoto anavyofunzwa kutambua mbuzi wa kwao katikati ya mbuzi wa kijiji kizima. Mwisho anawajua, ingawa ukimwuliza amewajuaje hawezi kukuambia.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, huko Marekani, nacho pamoja na wataalamu walioko Tanzania kilitengeneza programu ya simu iitwayo Nuru. Husema Kiswahili, na hufanya kazi shambani hata pasipo mtandao. Je, ni hodari? Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2020 ilipata kwa usahihi mara 65 katika 100. Katika mtihani wa shule yetu hizo si alama za kujivunia. Lakini mabwana shamba walipata baina ya 40 na 58, na wakulima wenyewe baina ya 18 na 31. Tena ilipotazama majani sita ya mti mmoja badala ya moja, Nuru ilifika baina ya 74 na 88. Wataalamu wa siku nyingi tu ndio walioizidi kidogo ilipotazama jani moja, nao hawawezi kufika kila shamba.

Hata hivyo simu huona jani tu. Haimpi mkulima mti mzima wa kupanda badala ya ule mgonjwa; huo sharti uzalishwe, na kwa njia ya zamani aina mpya huchukua miaka minane hata kumi. Hapa pia vyuo vimeleta msaada. Tangu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Cornell kimeshirikiana na Namulonge na vituo vingine kusoma vinasaba vya mche ungali mchanga, ili kukisia utakavyokuwa kabla ya kuungoja ukue. Iliyo dhaifu huachwa mapema, na miaka huokolewa.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilitangazwa mwaka 2016. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, na wenzao walisoma vinasaba vya mihogo mingi, wakakuta ndani ya baadhi yake vipande vya mpira, alama ya machotara wa Amani. Mmojawapo ni Namikonga wa Tanzania, ambao pwani ya Kenya huitwa Kaleso, nao ni hodari sana dhidi ya michirizi. Kituo kiliacha kazi ile mwaka 1957, lakini wakulima hawakuacha. Waliendelea kukata pingili na kupeana, wakaupa mti majina yao, mpaka mashine za Berkeley zikausoma.

Siku hizi Uganda ina Nase 14 na NAROCASS 1, ambazo hustahimili batobato na kuvumilia michirizi kuliko za zamani, ingawa michirizi huweza kuzipata. Kwa hiyo atakayekuwa nyumbani wakati wa likizo, siku ya kukata pingili, na atazame majani sita ya kila mti, yale ya chini hasa. Mwenye simu aiulize simu. Kisha ang'oe muhogo mmoja wa mti ule, aukate vipande kwa kisu mpaka mwisho. Ukiwa na kahawia hata kidogo, shina lile liende motoni.