Weusi wa Panga Si Uchafu

Kwetu Gikundamvura, upande wa bonde la Bugarama, kila panga lililokata ndizi mbichi huwa na madoa meusi. Likizo iliyopita niliyadhania kuwa uchafu. Nikalisugua panga la baba kwa mchanga hata likang'aa, nikalisahau nje penye umande. Asubuhi lilikuwa jekundu kwa kutu. Baba alicheka tu, akaniuliza, "Je, mwanangu, shule yasemaje?" Nikaona haya, nikarudi kuuliza.

Kutu hutokea chuma kinapoungana na hewa ya oksijeni penye maji. Basi chochote kizuiacho maji na hewa visikiguse chuma ni kinga. Katika utomvu na maganda ya ndizi mbichi, na hata katika makapi ya chai kama ile ilimwayo Shagasha, wilayani kwetu Rusizi, mna kitu kiitwacho tanini. Ndicho kikazacho ulimi ukionja ndizi mbichi. Tanini hushikana na chuma, ikafanya utando mweusi usioyeyuka upesi katika maji. Wino wa kale wa Ulaya ulitokana na muungano uo huo wa tanini na chuma.

Nilijaribu mwenyewe. Nilichemsha makapi ya chai, nikayachuja, nikaloweka msumari mmoja wenye kutu kwa siku 2. Ukageuka mweusi, maana tanini huigeuza hata kutu yenyewe. Kisha niliufunga katika kitambaa chenye unyevu, na mwenzake usioloweshwa katika kitambaa kingine. Baada ya juma moja, kitambaa cha huyo wa pili kilikuwa na doa kubwa jekundu; cha ule mweusi kilikuwa na alama kidogo tu.

Viwandani nako kutu huoshwa kwa asidi, nayo asidi hula chuma chenyewe. Wataalamu wamejaribu kutia humo maji ya maganda ya ndizi na ya pumba za mpunga, wakaona chuma kinaliwa polepole zaidi.

Lakini tusijidanganye: utando huu ni mwembamba, na mvua za masika huushinda. Yafaa jembe lifutwe, likaushwe, kisha lipakwe mafuta juu ya weusi huo.

Jembe likiisha kwa kutu, mkulima hununua jingine, na pengine fedha hiyo ilikuwa ya madaftari ya mtoto. Basi wenzangu, nanyi mliotutangulia, kabla ya kumwaga makapi ya chai, kumbukeni jembe la nyumbani.