Kimeng’enya kisichomeng’enya

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya kijitabu cha wazazi wenye watoto wagonjwa. Palipotajwa adenosini kinasi, alikuwa ameandika: “kimeng’enya kinachomeng’enya adenosini.” Sarufi haina ila, lakini maana imepinduka miguu juu, kichwa chini.

Kumeng’enya ni kukivunjavunja kitu kiwe vipande vidogo, kama tufanyavyo mkate kwa vidole. Ndiyo maana twasema mmeng’enyo wa chakula, na kwa vimeng’enya vya mate na tumbo neno hilo linakaa sawasawa. Adenosini kinasi, hata hivyo, haivunji kitu. Inachukua fosfeti moja kutoka kwa ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na kuipachika kwenye adenosini, ambayo ni nyukliosidi ya jamii ya purini. Adenosini inageuka AMP; ATP iliyotoa inabaki ADP. Na kwa kuwa fosfeti ina chaji ya umeme, AMP haiwezi kupenya utando wa seli kwa urahisi. Seli basi imeiweka mali yake ndani, isilazimike kuunda purini upya kwa gharama kubwa. (Adenosini hiyo hiyo hutuletea usingizi ikirundikana ubongoni. Kahawa yako ya asubuhi huziba vipokezi vyake.)

Je, tulitupe neno kimeng’enya? La hasha! Mjerumani Wilhelm Kühne alipobuni neno “enzyme” miaka ya 1870, alilitoa kwenye Kigiriki, “ndani ya chachu”. Mbona hakuna anayetafuta chachu kwenye mate? Nomino ikishazoeleka husahau ilikotoka. Kosa la mwanafunzi wangu lilikuwa kukirudisha kitenzi mlangoni, kana kwamba jina ndilo kazi.

Na kosa hilo si dogo. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng’enya hiki, nao huathirika ini na ukuaji wa ubongo. Mzazi akisoma “kumeng’enya” atadhani shida iko tumboni, pengine aanze kubadilisha lishe bila kumwuliza daktari.

Tulipokaa kurekebisha, mwanafunzi alipendekeza “hufosforilisha adenosini”. Nikamwambia hilo aliweke kwenye tasnifu yake, sisi maprofesa tutalifurahia. Kwenye kijitabu tuliandika: “hupachika fosfeti kwenye adenosini.”