Mama akikatwa pesa ya TASAF, usiishie kusema pole

Leo tuongelee kitu ambacho wengi wetu tuliokulia Kondoa tunakijua juu juu tu: pesa ya TASAF. Uko zako Dodoma mjini au Dar unahangaika na maisha, mama anapiga simu kutoka kijijini: "Mwanangu, safari hii wamenikata." Wengi tunajibu "pole mama", tunaahidi kutuma chochote, basi. Mimi nasema kuna la kufanya zaidi ya pole, ila kwanza lazima uijue hesabu.

Kwetu mvua ni msimu mmoja tu kwa mwaka. Kati ya Januari na Machi uwele na mahindi bado viko shambani, ghala limeshaisha, na hapo hapo shule zimefunguliwa. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na Julai 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Safi sana, lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa. Halafu kuna misukosuko ya soko. Waliolima mbaazi hawajasahau Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kununua nje, bei ikaanguka vibaya. Mzee hakukosea kulima, maamuzi yalifanyika mbali huko.

Sasa TASAF. Mfuko wenyewe ulianza 2000, ukijenga madarasa na zahanati. Wazo la kumpa mtu pesa mkononi lilijaribiwa kwanza kwenye wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na majirani zetu wa Chamwino, na malipo yakaanza 2010. Agosti 2012 Rais Kikwete akazindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao baadaye ulifikia kaya zaidi ya milioni moja nchi nzima. Februari 2020 Rais Magufuli akazindua kipindi cha pili.

Majina hayapangwi na mwenyekiti peke yake, au tuseme hayatakiwi kupangwa hivyo. Mkutano wa kijiji unataja kaya zenye hali ngumu kuliko zote, zinajaziwa dodoso kuhusu nyumba, mali na watu wanaotegemea, kisha majina yanarudi mkutanoni yasomwe mbele ya watu. Ndiyo maana anayesusa mkutano anajikosesha mwenyewe.

Tuje kwenye hesabu. Kipindi cha kwanza, kaya ililipwa ruzuku ya msingi ya sh. 10,000 kwa mwezi. Ikiwa na mtoto chini ya miaka 18, iliongezwa sh. 4,000. Hapo hakuna masharti. Juu yake ndiyo ikaja ruzuku ya masharti: sh. 4,000 kwa kaya yenye watoto chini ya miaka mitano wanaohudhuria kliniki, sh. 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, na sh. 4,000 kwa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Kulikuwa na ukomo, kaya haikuzidi sh. 38,000 kwa mwezi.

Chukua mama mwenye mtoto mmoja wa kliniki, wawili wa msingi na mmoja wa kidato cha pili. Msingi 10,000, watoto 4,000, kliniki 4,000, shule ya msingi 4,000, sekondari 4,000. Jumla 26,000 kwa mwezi. Malipo yalipangwa kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo alitakiwa kushika 52,000. Viwango vimebadilishwa tangu hapo, na kipindi cha pili kaya yenye mtu mwenye ulemavu iliongezewa, ila namna ya kupiga hesabu ni ile ile.

Makato yanatoka wapi? Mwanafunzi anatakiwa ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za shule. Mwalimu anajaza fomu, muuguzi anajaza ya kliniki, zinapelekwa halmashauri, na malipo yanayofuata yanapigwa hesabu kwa fomu hizo. Hapo ndipo penye mtego. Mtoto akienda kuchunga mbuzi wiki mbili, mama anakatwa. Lakini fomu isipojazwa vizuri, au mtoto akihamia shule nyingine na jina likabaki la zamani, mama anakatwa vilevile na hana kosa lolote! Yeye anaona pesa pungufu tu, anadhani kaibiwa. Wengine wanaona aibu kuuliza kwa sababu ni "pesa ya maskini".

Na hiyo aibu tunaichangia sisi vijana. Eti wanaenda kunywea pombe. Matokeo ya majaribio ya Chamwino, Bagamoyo na Kibaha yalitoka 2014: kaya zilizolipwa zilinunua mbuzi na kuku, zilivisha watoto viatu, na zilijiunga na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii kuliko zile ambazo hazikulipwa. Mmoja wa watafiti hao, David Evans, akaungana na mwenzake Anna Popova wakakusanya tafiti za nchi nyingi kuhusu pombe na sigara. Hawakuona kwamba watu wakipewa pesa wanaongeza ulevi. Kwa hiyo tuache maneno.

Wewe unayesoma hapa unaweza kufanya haya:

1. Piga hesabu na mama kwenye simu. Muulize nani yuko darasa gani, na nani ameacha kliniki. Linganisha na alichopokea.

2. Ikipungua, asikae kimya. Aanzie kwa kamati ya usimamizi ya jamii hapo kijijini, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mratibu wa TASAF wa halmashauri. Kumbuka Kondoa kuna halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, na Chemba ilishajitenga 2012. Ukienda ofisi isiyo yako utazungushwa tu.

3. Mdogo wako akihama shule, hakikisha taarifa zimebadilishwa. Mama ana mashamba, wewe una simu.

4. Kama malipo yanaingia kwenye simu, laini iwe ya mama na namba ya siri aijue yeye. Siyo ya jirani, wala ya wakala, na wala siyo yako.

Jamani, 26,000 kwa mwezi haimtoi mtu kwenye umaskini. Kinachosaidia ni akiigawa: kidogo chakula, kidogo hisa ya VICOBA, kidogo jogoo na tetea. Lakini hawezi kupanga pesa ambayo hajui itakuja kiasi gani. Hiyo hesabu kwako ni dakika kumi za maongezi.

Waliowahi kufuatilia makato mpaka yakarudishwa, tuelezeni hapo chini mlipita ofisi zipi, wengine wajifunze. Nawakilisha.